Nani Aliyepiga Shabaha? Somo la Rufiji kwa Wanaopima Timu za Vifaru

Tarehe 22 Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Jenerali Jacob van Deventer wa upande wa Waingereza liliingia Kilosa likifuata Reli ya Kati, na mwezi uliofuata likasonga kusini hadi Kidodi, kwenye njia ambayo leo humtoa msafiri Mikumi kumpeleka Ifakara. Miezi mitatu kabla yake, askari hao walikuwa Kondoa Irangi wakipigwa na mizinga iliyoundwa kwa ajili ya bahari: mizinga ya sentimita 10.5 iliyong'olewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ikatiwa magurudumu na kukokotwa bara. Nchi ya Kilosa na Mikumi inalieleza tatizo la mpiga mzinga vizuri kuliko kitabu. Kilosa, bonde la Mkondoa limebanwa na milima, na kombora likishavuka kilima mpigaji hana habari nalo tena. Upande wa Mikumi, mbuga ya Mkata inafunguka mpaka jicho linachoka. Hapo vumbi la kombora linaonekana, ila vumbi halina jina la aliyelitimua. Mashaka hayo mawili, la kutoona na la kuona bila kujua ni kazi ya nani, ndiyo yanayomkabili kila anayetathmini timu ya kifaru kwenye uwanja wa shabaha. Hoja yangu ni kwamba tathmini yenye maana huanza pale mpimaji anapoweza kutenganisha kazi ya huyu na kazi ya yule. Asipoweza hilo, anahesabu matundu kwenye shabaha, na kuhesabu matundu hakumfundishi mtu kupiga.

Ushahidi mzuri zaidi tunao hapa hapa nyumbani, kwenye delta ya Rufiji. Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikoko ambako meli kubwa za Kiingereza zilishindwa kuifuata. Mwaka 1915 Waingereza walileta Severn na Mersey, manowari mbili za maji mafupi, kila moja ikiwa na mizinga miwili ya inchi 6. Asubuhi ya tarehe 6 Julai ziliingia mtoni zikaanza kupiga kutoka umbali wa kilomita kumi hivi. Wapigaji hawakuiona shabaha yao hata kidogo. Macho yao yalikuwa ndege iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia, ikiwatumia kwa simu ya upepo taarifa za kila kombora: limevuka, limepungukiwa, limekwenda kushoto, limekwenda kulia. Siku hiyo yalipigwa makombora 635. Yaliyoipata Königsberg yalihesabika kwa vidole, na Mersey ikapoteza mzinga wake wa mbele.

Ukiipima siku hiyo kwa matundu tu, utasema wapigaji walikuwa wabovu, na dawa yake ni kuwarudisha mafunzoni. Waliochunguza walikuta jambo jingine. Meli zote mbili zilipopiga kwa wakati mmoja, mtu wa ndege aliona maji na matope yakiruka mahali kadhaa bila kujua lipi ni kombora la Severn na lipi la Mersey. Akisema "punguza masafa", nani apunguze? Aliyekuwa amepungukiwa akipunguza tena, anazidi kupotea. Aliyekuwa karibu kupata akijirekebisha kwa kosa la mwenzake, anaiacha shabaha. Tathmini ilikuwepo, ilifika kwa wakati, tena ilitolewa na mtu aliyekuwa na macho mazuri. Ilikosa kitu kimoja: mwenyewe. Wajerumani nao walikuwa na mpimaji wao, walinzi waliojificha kwenye kituo cha juu ya mti wakiiongoza mizinga ya Königsberg. Severn ilipokigundua kituo hicho na kukibomoa, upigaji wa Wajerumani ulilegea, ingawa mizinga ilikuwa ile ile na mikono iliyoipakia haikubadilika. Kilichoondoka ni jicho.

Tarehe 11 Julai Waingereza walirudi na kanuni moja mpya: meli moja ipige, nyingine ingoje zamu yake. Severn ilitia nanga, ikaanza, na mikupuo ya kwanza ikakosa kama ile ya siku tano nyuma. Tofauti ni kwamba sasa kila taarifa ya ndege ilikuwa na mpokeaji mmoja. Rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold waliisogeza mikupuo kidogo kidogo, na wa nane ukaipata shabaha. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, Arnold aliendelea kutuma marekebisho, akiwaelekeza wapigaji waisogeze mizinga kutoka mbele ya meli hadi katikati. Ndege ikaanguka mtoni karibu na Mersey, nao wakaokolewa. Siku hiyo hiyo Kapteni Max Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake, Königsberg, ilipuliwe.

Msomaji makini atapinga kwamba ushindi wa tarehe 11 ulikuwa na sababu nyingine. Königsberg ilikuwa imeshaumizwa, na Waingereza walikuwa wameshajua masafa. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana silinganishi siku na siku pekee. Tazama ndani ya siku ile moja: mpigaji yule yule, mzinga ule ule, adui yule yule, na bado mkupuo wa kwanza ulikosa na wa nane ukapata. Katikati ya hiyo miwili palikuwa na taarifa saba zilizojulikana ni za nani. Huko ndiko kupima kunakogeuka kuwa mafunzo.

Kifaru cha leo chenye timu ya watu wanne kimeibeba Rufiji yote ndani ya chuma kimoja. Kamanda anaiona shabaha na kutamka amri: aina ya kombora, ni shabaha gani, iko upande gani. Mpigaji anajibu kwamba ameiona. Mpakiaji anapakia na kutangaza kwamba mzinga uko tayari. Dereva anatuliza gari au kulisogeza kwenye maficho. Kombora likikosa, watu wanne wana sababu nne. Kwa hiyo majeshi yanayopima kwa uangalifu humweka mtathmini nje ya kifaru, akisikiliza maongezi ya timu redioni, akitazama picha ya darubini ya mpigaji, na saa ikianza kuhesabu tangu shabaha iinuke. Katika jeshi la Marekani, timu hupewa mapambano kumi yenye alama 100 kila moja, na isiyofikisha 700 haijafuzu. Shabaha iliyoanguka haitoshi: amri ikikosewa au usalama ukivunjwa, alama zinakatwa hata kama kombora limepata. Baadaye timu huketi na mtathmini, wakasikiliza sauti zao na kuona picha zao wenyewe, na ubishi wa "mimi nilisema, wewe hukusikia" unaishia hapo.

Wapo watakaosema vita havitoi alama za nidhamu. Vinauliza tu kama adui amepigwa. Wajibiwe kwa Lukaya. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, katika Vita vya Kagera, roketi za Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda, zilirushwa dhidi ya Brigedi ya 201 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Nyingi zilipita juu, lakini askari wengi wa brigedi hiyo walikuwa wageni wa vita, wakatawanyika. Mtu anayehesabu matokeo pekee angewapa warushaji wale alama zote jioni ile, wakati roketi zao zilikuwa zimeikosa shabaha. Kesho yake Brigedi ya 208 ilitokea ubavuni kutoka kaskazini magharibi, na majeshi ya Libya na ya Idi Amin yakavunjika. Matokeo ya siku moja huweza kumsifu anayekosea. Mnyororo wa kazi haumsifu.

Pingamizi jingine ni la gharama: redio za kurekodi na kamera za darubini si vitu vya kila jeshi. Lakini rudi Rufiji uone marekebisho ya tarehe 11 yaligharimu nini. Meli haikuongezwa wala mzinga haukununuliwa. Meli moja iliambiwa inyamaze. Mtathmini mwenye saa ya mkononi, daftari na waya wa kusikilizia ndani ya kifaru anaweza kuanza na kanuni hiyo hiyo: timu moja kwa wakati mmoja, na ndani ya timu, kila mtu na mstari wake kwenye daftari. Na wanaohofia kwamba timu inayosikilizwa itaigiza, waikumbuke saa. Maneno ya kupendezesha hula sekunde, na sekunde zinaandikwa.

Hatari ninayoikubali bila ubishi ni ya uwanja unaokaririwa. Timu iliyopimwa miaka yote kwenye uwanda kama wa Mkata itajua kusoma vumbi, na siku ikipelekwa kwenye bonde kama la Mkondoa itakuwa kipofu. Alama yake itakuwa ya kweli kwa ardhi moja na ya uongo kwa nyingine. Basi mwenye kuandaa mafunzo abadilishe ardhi na mpangilio wa shabaha, asibadilishe kanuni ya kupima. Makombora 635 yaliruka Rufiji bila mtu kujua lipi ni la nani, na hasara ile haikuletwa na mikono ya wapigaji. Aliyeshika daftari aanze kujipima mwenyewe.