Nguzo Zisizobeba Kitu

Katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini. Wageni huwacheka mafundi. Sisi twauliza: nani aliwaeleza maana ya nguzo hizo?

Nasi huku Kasoli tusichangishe fedha za pamba kwa nguzo za Kiyunani za saruji, zisizobeba hata paa. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement na Wasukuma walijenga kanisa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Mzee wa Kisukuma huingia humo bila kuhitaji mkalimani. Wanafunzi wetu wapelekwe huko kabla ya kupitisha ramani yoyote.