Noctua NF-A12x25: Feni Inayofanya Kabati la Mimea Lipumue Kimyakimya

Imefika! Noctua NF-A12x25, feni ya sentimita 12 kutoka Austria ambayo wapenzi wa kompyuta wameisifu tangu ilipotoka mwaka 2018, sasa iko mikononi mwangu, na wala haiendi kwenye kompyuta. Inakwenda juu ya kabati la plaiwudi lenye miche ya pilipili, rehani na stroberi, chumbani, hatua chache kutoka kitandani. Nimefunga mbili, nimeziwasha, nimezisikiliza, na siwezi kungoja kusema: wakulima wenzangu wa ndani ya nyumba, hii ndiyo feni tuliyokuwa tunaitafuta!

Tuanze na boksi, maana lenyewe ni raha. Ndani mna waya wa kurefusha, waya wa kugawa umeme kwa feni mbili, adapta ndogo ya kupunguza mwendo, skrubu nne, na vishikizo vinne vya raba laini. Skrubu ziache humo humo. Plaiwudi ikipokea mtetemo huitikia kama ngozi ya ngoma, na mara nyingi kelele tunayoilaumu feni ni ya kabati lenyewe. Raba hizo hukata njia ya mtetemo kabla haujafika kwenye ubao. Nimeweka kiganja juu ya kabati feni zikizunguka, na mtetemo haupo!

Kisha tazama mapanga yake. Kati ya ncha ya panga na fremu pana nafasi ya milimita 0.5 tu! Hewa haipati upenyo wa kurudi nyuma, hivyo inayovutwa karibu yote hutoka. Plastiki ya kawaida ingekuwa hatari hapa, kwa sababu baada ya kuzunguka muda mrefu katika joto hunyumbuka kidogo kidogo hadi panga likagusa fremu. Noctua wametumia plastiki ngumu waliyoipa jina Sterrox, na kitovu kimeimarishwa kwa chuma.

Na kwetu wakulima, hapo ndipo penye utamu. Kabati la mimea si uwanja wazi. Mlango wa hewa lazima uwe na wavu mwembamba wa kuzuia nzi weupe na vithiripi, na kila tundu la wavu hupinga hewa. Feni nyingi za bei poa zinavuma vizuri zikiwa mezani, zikiwekewa wavu zinabaki kupiga kelele tu. Hii ina shinikizo la milimita 2.34 za maji, pamoja na hewa ya mita za ujazo 102 kwa saa, kwa kelele ya desibeli 22.6 ikiwa kasi kamili ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukiweka ile adapta ndogo inashuka hadi mizunguko 1,700, desibeli 18.8, na bado inatoa mita za ujazo 84.5. Takwimu hizo ni za mtengenezaji, na zile za hewa na kelele zimepimwa feni ikiwa haina kizuizi upande wowote. Nyuma ya wavu tarajia hewa pungufu.

Sasa, unahitaji hewa kiasi gani? Chukua wati za taa, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi joto unazokubali kabati lizidi chumba. Taa ya LED ya wati 100, na ongezeko la nyuzi 5, inadai mita za ujazo 60 kwa saa. Hiyo ni Dar es Salaam. Arusha, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo, kwa hiyo zidisha kwa 3.5: unahitaji 70.

Feni moja ikikimbia ingeweza, lakini mbili zikitembea ni jambo jingine kabisa! Kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza kelele desibeli 3 hivi. Kupunguza kasi kwa nusu huondoa kama desibeli 15. Hewa ya feni mbili za nusu mwendo inalingana na ya moja ya mwendo kamili, na kimya unakipata bure. Sharti ni moja: kasi ikishuka kwa nusu, shinikizo hubaki robo. Basi fanya dirisha la wavu liwe pana. Langu lina sentimita 20 kwa 30, zaidi ya mara mbili ya matundu ya feni zote mbili, na liko chini, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kutokea juu.

Linganisha na feni ya bafuni ya duka la vifaa vya ujenzi. Ile ya umeme wa ukutani ina mvumo wa sumaku, na ukiifunga kwenye swichi ya kupunguza mwanga ili ipunguze mwendo, mvumo mara nyingi huzidi. Noctua ya waya nne hupokea amri ya mwendo kupitia waya wake wenyewe na kushuka hadi mizunguko kama 450, laini kabisa. Hula wati 1.68 ikiwa kasi kamili, yaani uniti moja na kidogo kwa mwezi, usiku na mchana! Wenye sola wanaweza kuiendesha kwa betri ya volti 12, ila weka kidhibiti cha volti katikati, maana betri ikichajiwa hupita volti 14.

Bei yake ni mara kadhaa ya feni ya kawaida, na nailipa kwa moyo mweupe: dhamana ni miaka 6. Wakuzaji wa uyoga wanaopuliza ukungu wa maji watafute ndugu yake wa industrialPPC mwenye kinga ya IP67. Ana kelele zaidi, lakini haogopi maji. Na hakuna feni inayoweza kulipoza kabati chini ya joto la chumba, kwa hiyo chumba cha nyuzi 33 kinataka kwanza dawa yake chenyewe.

Kwa taa ya wati 100 hadi 150, uamuzi wangu ni huu: nunua mbili, zifunge kwa raba, zizungushe polepole, na usizizime taa inapozimwa, kwa sababu unyevu wa usiku ndio unaolea kuvu ya kijivu na kinyausi. Mimea itapata hewa, nawe utalala!