Maporomoko ya Adamson: shata ya haraka kwa maji ya udongo

Kabla ya kufika Garissa na kupita chini ya daraja ukiwa mpana na mtulivu, Mto Tana huwa umekwisha kupambana na mawe huko juu, kwenye mpaka wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru na ile ya Kora. Hapo pana Maporomoko ya Adamson, yenye jina la George Adamson, mlezi wa simba aliyeuawa Kora mwezi Agosti 1989. Picha ninayoichambua ilipigwa hapo Februari, wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua.

Wapiga picha wengi wakiona maporomoko hufunga kamera kwenye stendi, wakaacha shata wazi sekunde mbili au zaidi ili maji yalainike. Njia hiyo inafaa Karuru, kwenye milima ya Aberdare, ambako povu jeupe huanguka mita 273 mbele ya msitu wenye kiza. Tana inaikataa. Maji yake yamebeba udongo wa nyanda za juu, na ukiyaacha yateleze mbele ya lenzi muda mrefu, povu na tope huchanganyika yakawa utando mmoja wa hudhurungi. Anayetazama haoni tena maji yanapogonga jiwe, yanapogeuka wala yanapozama. Nguvu yote ya mto imefutwa.

Kwa hiyo kasi ya shata ilikuwa sehemu moja ya nane ya sekunde. Povu likaacha michirizi mifupi, na kila mchirizi ukaonyesha maji yanaelekea wapi. Hesabu yake ni nyepesi. Jua likiwa bado chini, kwa ISO 100 na tundu la lenzi f/11, mwanga ulitaka 1/60. Filta ya polaraizi hula robo tatu ya mwanga, tukashuka hadi 1/15. Kufunga tundu hadi f/16 kukatufikisha 1/8. Filta nyeusi ilibaki mfukoni.

Polaraizi ile haikuwekwa kwa ajili ya anga. Jiwe lililolowa linang'aa, na mng'ao huo ni mwanga wa mbingu uliolala juu ya rangi ya jiwe lenyewe. Zungusha filta polepole huku ukitazama jiwe, si maji. Utaona mahali ambapo weupe unaondoka na mistari ya waridi na nyeusi ya mwamba inajitokeza. Mwamba huu ndio hasa uliotuleta. Mafuriko yamezungusha kokoto ndani yake kwa karne nyingi yakachimba mabakuli na mapango madogo, nayo huonekana mto ukipungua tu. Na siku hizi kupungua kwake hakufuati mvua peke yake: kati ya Kindaruma, lililoanza kazi 1968, na Kiambere, 1988, yamejengwa mabwawa matano, na maji yanayoachiliwa huko ndiyo yanayofika hapa. Waulize askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hali ya mto kabla ya kufunga safari.

Mabakuli yanahitaji kivuli ili yaonekane kuwa na kina. Karibu hivi na ikweta jua hupanda takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kazi ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ikaisha kabla ya saa mbili na nusu. Tana hapa huelekea kaskazini-mashariki. Ukisimama chini ya maporomoko ukatazama juu ya mto, jua linakuja nyuma ya bega la kushoto na kila shimo linapata upande mmoja wa giza.

Lenzi ilikuwa ndefu, milimita 70 hadi 200, kwa sababu ya mamba. Lenzi pana ingedai stendi iwekwe ukingoni kabisa, na hakuna picha inayostahili hilo. Kutoka juu ya mwamba mkavu lenzi ndefu ilitosha, mradi jiwe halijapata joto. Likishapata, hewa juu yake hutetemeka na ukali wa picha hupotea hata ukiwa na kioo cha bei gani.

Lenzi hiyohiyo ndiyo dawa ya vilima vya mawe vya Kora. Mansumbi, kilicho kirefu kuliko vyote, kina mita 488 tu juu ya bahari, na nyika inayokizunguka nayo imeinuka. Kwa lenzi pana kinadidimia vichakani. Rudi nyuma sana, panda jiwe jingine, kivute: hapo kinasimama. Filamu ya 1971 ya simba Christian akiwakimbilia walezi wake wa zamani ilipigwa Kora, na mteremko wa mawe ndio unaompa mtazamaji nafasi ya kumwona akishuka, kwanza kwa kusita, kisha mbio.

Mwisho ni rangi, na hapa nina msimamo mkali. Kamera ikiachiwa ipime weupe yenyewe, huona hudhurungi nyingi ikadhani ni kosa, ikaongeza buluu. Weka kipimo cha mwanga wa jua, takriban Kelvini 5200, usikiguse tena. Kwenye kompyuta vuta vivuli kidogo, punguza makali ya povu, acha udongo. Mtu wa Garissa anayeyateka maji hayo kila siku anajua rangi yake, na akiona Tana ya buluu ataiweka picha chini, hataamini hata mawe.