Ni Changu au Ni Tafi? Namna ya Kuipima Kopi ya Blade Runner

"Iko safi, ami," kijana aliniambia, huku akifuta kisahani kwa ncha ya shati lake.

Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati karibu na soko la Malindi. Jalada lilikuwa na mvua, taa za mji, na maneno makubwa: *The Final Cut*, 2007. Nikatoa shilingi 50, nikapanda matatu ya kurudi Kilifi. Usiku ule niligundua kwamba picha ilikuwa safi kweli, haikukwama hata mara moja. Ila dakika chache baada ya kuanza, Harrison Ford akaanza kujisimulia mwenyewe, na mwishoni gari likapita katikati ya vilima vya kijani, jua likiwaka. Nilikuwa nimeuziwa toleo la 1982 ndani ya jalada la 2007. Kuhusu usafi kijana hakusema uongo. Kosa lilikuwa kwenye jina, na pengine yeye mwenyewe hakulijua.

Anayenunua samaki hufungua mashavu aone kama bado ni mekundu. Lakini kabla ya hapo huwa ameshajua kama mbele yake kuna changu au tafi, maana tafi hata akiwa mbichi namna gani hageuki kuwa changu. Wapenzi wengi wa sinema huku kwetu huanzia kwenye mashavu: picha inang'aa? sauti inasikika? inaganda? Maswali hayo ni mazuri, ila yanakuja ya pili. La kwanza ni hili: hii ni filamu gani hasa?

Filamu moja, matoleo manne na moja la ziada

Si kila filamu ina utata huu. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kenya kuhusu dunia iliyokaukiwa maji, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2010, huchukua dakika zipatazo 20 tu. Ukiipata, unaangalia ubora wa kopi, basi. *Terminator 2* ya 1991 ina matoleo mawili makubwa, lakini saa ya ukutani inatosha kuyatenganisha: lile la majumba ya sinema lina dakika 137, na lile refu limeongezewa takriban dakika 15. Ukiona Sarah na mwanawe wakimfungua Arnold kichwa mbele ya kioo, umepata lile refu.

*Blade Runner* haikupi urahisi huo. Matoleo yake makuu yote yana dakika 116 au 117. Ukitegemea saa, utadanganyika.

Ridley Scott aliiongoza kutokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, ikatoka Marekani Juni 1982. Hadithi iko Los Angeles, Novemba 2019. Deckard, yaani Harrison Ford, anatumwa kuwasaka watu-bandia waliotoroka huko angani na kurudi duniani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua stelingi hashindwi. Huyu anapigwa karibu kila anapokutana na adui, na mwishowe ni adui huyohuyo anayemuokoa asianguke kutoka juu ya paa. Walioonyeshwa filamu kwa majaribio huko Denver na Dallas walitoka vichwa vikiwauma. Kampuni ya filamu ikaingiwa na hofu: ikaweka sauti ya Deckard ya kueleza mambo, na ikabandika mwisho wa furaha. Vilima vile vya kijani vilivyoniharibia usiku wangu havikupigwa kwa ajili ya filamu hii hata kidogo. Ni mabaki ya picha za angani zilizopigwa kwa ajili ya *The Shining* ya Stanley Kubrick.

Hilo ndilo toleo la Marekani la 1982. La pili, la mwaka uleule, lilikwenda nchi za nje. Ni lilelile likiwa na sekunde kadhaa zaidi za damu. Mwaka 1990 kopi ya kazi, ile ya majaribio, ikaonyeshwa Los Angeles na watu wakafurika. Ndipo likaja la tatu, *The Director's Cut* la 1992: simulizi imeondolewa, mwisho wa furaha umeondolewa, na Deckard anaota farasi mwenye pembe moja. Lilitengenezwa kwa haraka, na Scott hakuridhika nalo. La nne, *The Final Cut* la 2007, ndilo pekee ambalo yeye mwenyewe alikuwa na kauli ya mwisho. Mwaka huohuo yote yalitolewa katika sanduku moja la visahani vitano, pamoja na ile kopi ya kazi.

Alama tano za kushika

Maduka mengi ya muvi yana runinga ya kujaribia. Mwombe muuzaji akupelekee sehemu hizi.

Ya kwanza ni mwanzoni, Deckard akisubiri nafasi ya kula tambi kando ya barabara huku mvua ikinyesha. Ukisikia sauti yake na midomo imefungwa, umeshika toleo la 1982. Kukiwa na mvua na muziki wa mtunzi Vangelis tu, endelea mbele.

Ya pili ni pale anapokaa kwenye piano yake. Akitokewa na farasi mweupe mwenye pembe akikimbia msituni, toleo ni la 1992 au 2007. Katika lile la 2007 ndoto imerefushwa, na Deckard anaonekana macho wazi katikati yake.

Ya tatu ndiyo niipendayo, kwa sababu ni hesabu. Mkuu wa polisi anamwambia Deckard kwamba watu-bandia sita walitoroka. Katika matoleo ya 1982 na 1992 anasema mmoja aliungua kwenye umeme. Wanabaki watano, lakini Deckard anakabidhiwa wanne wa kuwasaka. Wa tano yuko wapi? Kwa miaka 25 mashabiki walibishana: ni kosa la mwandishi, au wa tano ni Deckard mwenyewe? Mwaka 2007 maneno yakarekebishwa, waliokufa wakawa wawili, na hesabu ikafungwa. Sentensi hiyo moja inakutofautishia 1992 na 2007 vizuri kuliko maandishi yoyote ya jalada.

Ya nne ni njiwa. Roy Batty, yule adui anayemuokoa Deckard, anapokufa juu ya paa, njiwa anaruka kutoka mikononi mwake. Katika matoleo ya zamani anaruka kuelekea anga ya mchana, ilhali sekunde moja nyuma ilikuwa usiku wa mvua. Katika lile la 2007 anga ni ya giza, kama inavyopaswa.

Ya tano ni mwisho wenyewe. Mlango wa lifti ukijifunga na picha ikakatika, ni 1992 au 2007. Ukiona vilima, ni 1982. Kisha, ukitaka kujua ni 1982 ya Marekani au ya nje, rudi pale Batty anapomkabili tajiri Tyrell aliyemuumba. Akionyeshwa wazi akimtoboa macho, na kopi ina simulizi, hilo ni toleo la nje.

Hollywood nayo ilikuwa na DJ wake

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani huicheka simulizi ya 1982. Mimi nina sababu ya kutoicheka simulizi kwa jumla. Pwani hii imeangalia filamu nyingi kupitia kinywa cha mtu mwingine. Nchini Kenya DJ Afro, msimuliaji wa filamu, amewafanya hata wasiojua Kiingereza wamjue kila adui kwa jina la utani. Dar es Salaam Lufufu alisifika kwa kutafsiri filamu za kigeni, *Titanic* ikiwemo. Hao hawakuharibu picha. Waliileta nyumbani.

Tofauti iko hapa: msimuliaji mzuri hukupa ambacho picha haina. Anakutajia ukoo wa adui, anakulinganishia bosi na mtu unayemjua mtaani, anakuchekesha mahali ambapo filamu imenuna. Sauti ya Ford ya 1982 mara nyingi inakueleza kile macho yako yameshakiona. Baada ya Batty kufa, picha inataka ukae kimya; sauti inakuja kukufafanulia. Kwa hiyo usiulize kama kopi ina simulizi au haina. Uliza kama simulizi inalipa kodi ya nafasi inayoikalia.

Kopi yenye DJ ipimwe kwa kipimo chake. Je, ameshusha sauti ya filamu kiasi cha kuzima muziki? Je, ameruka sehemu za kimya kwa sababu hakuwa na la kusema? Filamu hii nusu yake ni ukimya. DJ anayeogopa ukimya ataifanya iwe filamu ya ngumi, na ngumi zake ni chache.

Sasa fungua mashavu

Ukishajua jina la samaki, mpime.

Anza na jicho. Karibu na mwanzo jicho kubwa linajaza kioo, moto wa viwanda ukimulika ndani yake. Mboni lazima iwe duara. Ikiwa kama yai, picha imevutwa ili ijaze runinga. Kisha angalia upana. Filamu hii ilipigwa pana sana, upana ukizidi kimo mara mbili na zaidi. Kwenye runinga za zamani za mraba wengine waliikata pande ili ienee, na zaidi ya theluthi moja ya picha ikapotea. Nenda pale Deckard anapomhoji mwanamke aitwaye Rachael ofisini kwa Tyrell. Ukiona uso mmoja mmoja ukipokezana na nusu ya pua ya mwenzake, umenunua filamu iliyokatwa mbavu. Mistari myeusi juu na chini si hasara; ni dalili ya uaminifu.

Usishtuke kopi ikiwa na dakika 112. Mfumo wa PAL, uliotumika Kenya na Ulaya, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Filamu inakwenda haraka kwa asilimia 4, na sauti za waigizaji zinapanda kidogo. Hapo hakuna kilichokatwa.

Kisha giza. Blade Runner ni moshi, mvua na usiku, na hakuna kipimo kikali kuliko hicho. Kopi iliyobanwa sana huvunja moshi kuwa vigae vya mraba, na weusi hugeuka kijivu. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kisahani cha DVD chenye tabaka mbili hubeba GB 8.5. Kikiandikwa "filamu 20", kila moja imepata MB 425. Mtu akikuwekea kwenye flashi faili la MB 700 akaliita Blu-ray, amekuuzia jina, kwa sababu kisahani halisi cha Blu-ray hubeba GB 25 au 50. Lakini usafi nao ukizidi ni ugonjwa. Filamu ya 1982 ina punje zake ndogo zinazotembea kwenye picha. Zikifutwa zote, nyuso zinakuwa kama nta. Na kopi ya 2007 ikielekea rangi ya kijani-buluu, usirekebishe runinga. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Mwisho, kigeuze kisahani. Upande wa chini ukiwa wa fedha, kimechapwa kiwandani. Ukiwa wa zambarau, kimechomwa kwenye kompyuta. Chumvi ya hewa yetu haina huruma na vyote viwili, kwa hiyo vihifadhi ndani ya kabati, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kisahani cha Mwitalia

Malindi ina bahati moja ambayo miji mingi haina. Waitalia wamekaa nasi muda mrefu. Hata setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lao baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Mwitalia akihama na kuuza vitu vya nyumbani, chungulia sanduku la visahani. Mara nyingi ni vya asili. Chaguo la kwanza la lugha litakuwa Kiitalia, maana kwao filamu huingizwa sauti upya. Ingia kwenye orodha ya lugha uchague Kiingereza. DVD za Ulaya ni za kanda ya 2 na Kenya iko kanda ya 5, hivyo hakikisha mashine yako imefunguliwa kucheza kanda zote. Blu-ray haina shida hiyo, kwa kuwa Afrika na Ulaya ziko kanda moja, B. Na kwa kisahani kipya cha dukani, tafuta kibandiko cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Aliyetengeneza picha naye ana watoto wa kulisha.

Hukumu yangu

Ukiwa na fedha ya kopi moja, chukua ya 2007. Ya 1992 imepitwa, isipokuwa labda kwa anayependa rangi zake za zamani. Ya 1982 isikie mara moja, uelewe kampuni ilikuwa na hofu ya nini, na ukiwa na kaseti yake usiitupe: ndiyo iliyoonekana kwanza, na historia haifutwi kwa toleo jipya.

Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akuwekee dakika mbili za mwisho. Lifti au vilima. Akikataa, rudisha shilingi zako mfukoni: hata muuza samaki anakuacha ufungue mashavu.