Mkia Usio na Mshono

Masisi, mashariki mwa Kongo, iko mbali na bahari, lakini anayefyatua matofali huko angeielewa kazi ya SoFi, samaki wa kuundwa aliyetoka katika maabara ya Daniela Rus huko MIT, Marekani. Angeuelewa mkia hasa. Kichwani mna betri, kompyuta ndogo na kamera yenye lenzi pana. Ubavuni kuna mapezi mawili ya kumwelekeza juu au chini. Hayo yanaelezeka upesi. Mkia ndio kazi yenyewe: hauna bawaba wala kiungo, na bado unapinda huku na huku kwa ulaini.

Robert Katzschmann na wenzake katika maabara hiyo waliuanza kwa kitu ambacho mwishoni kingetoweka, yaani nta. Waliiyeyusha, wakaimimina kwenye kalibu, ikaganda kwa umbo la vyumba viwili, kimoja cha kushoto na kingine cha kulia. Nta hiyo ikapangwa ndani ya kalibu kubwa ya mkia, na katikati ukasimamishwa utando mgumu unaokubali kupinda lakini haukubali kurefuka. Kisha silikoni ya majimaji ikamiminwa pole pole kuzunguka vyote. Mfyatua matofali anaijua hofu ya hatua hii: hewa iliyonaswa ndani haionekani mpaka siku kitu kinapopasuka.

Silikoni haiharakishwi. Inaachwa ishike, ndipo mkia unapotiwa kwenye joto. Nta inayeyuka, inatiririka nje, na vyumba vinabaki vitupu. Ingekuwa rahisi zaidi kuumba vipande viwili na kuvigundisha. Lakini gundi huacha mshono, na maji yenye shinikizo huutafuta mshono kwanza. Ndiyo maana nayahesabu yale masaa ya kungoja kuwa sehemu ya ufundi.

Baada ya hapo huunganishwa pampu ya gia. Inasukuma maji kutoka chumba cha kushoto kwenda cha kulia, kisha inayarudisha. Chumba kinachojaa kinatanuka, ule utando wa katikati unakataa kurefuka, na mkia unalazimika kupinda upande wa pili. Maji yakigawanywa sawasawa, samaki huenda moja kwa moja. Upande mmoja ukipewa zaidi, anakata kona. Kichwa nacho hujazwa mafuta yasiyopitisha umeme, ili shinikizo la kina lisikute uwazi wa kubonyeza.

Mwaka 2018 watafiti hao walichapisha matokeo ya majaribio huko Fiji. SoFi, mwenye urefu wa sentimita 47, aliogelea kwenye matumbawe hadi kina cha mita 18, akipokea amri za mzamiaji kwa mawimbi ya sauti, maana redio haifiki mbali majini.

Maji ya Fiji ni maangavu, na kamera inayategemea hayo. Katika mito yenye matope ya bonde la Kongo, ambako mto Lowa wa Walikale humwaga maji yake kupitia mto Lualaba, macho hayo yangefaa kidogo tu. Humo wanaishi samaki wenye kidevu kirefu wanaotoa umeme hafifu kwa mkia na kuvitambua vitu kwa ngozi, usiku au kwenye tope. Watafiti wa Nantes, Ufaransa, walishajifunza kwao, wakaunda roboti ya umbo la mkunga yenye elektrodi mwilini.