Filme «300»: Hydarnes yuko wapi?

Wengi wetu tuliangalia «300», filme ya Zack Snyder ya mwaka 2006. Inapendeza macho, lakini inadanganya. «Wasiokufa» wa Persia inawavalisha vinyago vya chuma, sawa majini. Kumbe Herodotus, Mgriki, aliandika jina la mkubwa wao: Hydarnes, komanda wa askari 10.000 wa miguu. Anaonyesha pia jeshi lilivyopangwa: komanda wa 10.000, wa 1.000, wa 100, mpaka wa 10. Katika vita ileile ya Thermopylae, mwaka 480 mbele ya Kristo, Hydarnes njo alipitisha watu mlimani usiku, wakatokea nyuma ya Wagriki. Ile ni mpango, si uchawi. Adui ukimnyima jina, kumfanya jini inakuwa rahisi. Tuangalie, lakini tusome pia.