Mdomo wa Kibonzo na Sauti ya Msemaji: Tangazo Fupi la Kompyuta mbele ya Kiswahili Chetu

Yanapojadiliwa matangazo ya biashara ya televisheni, wahakiki wetu wamezoea kuchunguza mambo mawili: maadili ya kinachouzwa na usahihi wa lugha inayokiuza. Makala haya yanachunguza jambo la tatu, dogo sana kwa kipimo cha kioo, lakini ndilo linalomfanya mtazamaji aamini au asiamini, nalo ni mdomo wa mhusika aliyechorwa. Tunathubutu kudai kwamba vyombo vya kompyuta, vilivyorahisisha mno uundaji wa vibonzo vifupi, vimetuletea midomo iliyochorwa kwa ajili ya lugha nyingine, na hata kwa ajili ya Kiswahili cha watu wengine. Lawama tunaiweka kwa wale wanaopanga utaratibu wa kazi.

Tuanze na tangazo lenyewe. Ni la sabuni ya kufulia, la sekunde 30, na hatuna haja ya kumtaja mwenye sabuni. Mama mmoja mnene, aliyevaa kitenge cha buluu, amesimama mbele ya beseni akiwasifu wanawe. Sauti aliyopewa ni ya Lubumbashi hasa: « Batoto yangu! » Lakini midomo yake haikufungwa hata kidogo mwanzoni mwa neno, ilichongoka tu, kama ya mtu anayepuliza moto, kwa kuwa aliyeichora alikuwa amechora « watoto ». Kisha mama akafumba kinywa na kutabasamu, na sauti ikaendelea peke yake kwa silabi tatu nne. Mtoto wa jirani aliyekuwa ameketi nasi akauliza: « Huyu mama, nani anamusemea? » Hatujasoma bado uhakiki wa tangazo hilo uliokuwa mfupi na wa haki kuliko huo.

Ili kuelewa kasoro hiyo, inafaa kujua jinsi kazi inavyotendeka. Picha ya televisheni huku kwetu hupita kwa fremu 25 kila sekunde. Kwa hiyo tangazo la sekunde 30 lina fremu 750. Zamani michoro hiyo ilichorwa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, ijapokuwa wachoraji walijipunguzia mzigo kwa kuacha kila mchoro udumu fremu mbili. Leo mchoraji huchora mikao mikuu tu, na kompyuta hujaza iliyo katikati. Mwili wa mhusika hugawanywa katika matabaka: mkono peke yake, kichwa peke yake, macho peke yake, na mdomo peke yake. Tabaka la mdomo ni kama kisanduku chenye maumbo machache, ambamo programu huchagua umbo moja na kulibadilisha na jingine kwa kufuata sauti. Programu huria iitwayo Rhubarb Lip Sync, kwa mfano, hutumia maumbo 6 ya msingi na 3 ya ziada. Nayo husikiliza kwa njia mbili: ya kwanza hutambua maneno ya Kiingereza, ya pili hufuata sauti tupu bila kujali maneno, na imewekwa kwa ajili ya lugha nyinginezo. Fundi asiyejua kwamba kuna njia ya pili huiachia programu itafute Kiingereza ndani ya Kiswahili. Na kwa kuitafuta, huipata.

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na neno la kusema, wala haitoshi kumwachia fundi. Sauti za b, p na m hufunga midomo. W, u na o huiviringa. F na v hupeleka mdomo wa chini kwenye meno ya juu. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na ile ya pili kutoka mwisho hushika mkazo, hivyo kinywa hukaa wazi hapo muda mrefu zaidi kuliko mahali pengine katika neno. Anayechora Kiswahili bila kulijua hilo atampa mhusika mdomo unaotafunatafuna kwa mwendo mmoja, na mtazamaji atamwona anakula, haongei.

Tena kuna tofauti baina ya Waswahili wenyewe. Neno « mtoto » lisemwapo Dar es Salaam, m ya mwanzo ni silabi kamili: midomo hufungwa na kubaki imefungwa muda wa silabi nzima. Lisemwapo Lubumbashi au Bukavu ni « mutoto »: midomo hufungwa mara moja, ikafunguka papo hapo na kuviringa. Katika wingi pengo huzidi kupanuka, kwa sababu « watoto » haifungi midomo mahali popote, na « batoto » huanza kwa kuifunga. Tofauti nyingine hazionekani kwa jicho. H inayodondoka katika « hapana » haimsumbui mchoraji hata kidogo. Lakini dh ya « dhahabu », inayotoa ncha ya ulimi kati ya meno, na z ya « zahabu » yetu, inayouficha, ni michoro miwili. Kwa hiyo tangazo lililochorwa kwa Kiswahili cha pwani, kisha likatiwa sauti ya Katanga, halijasalimika kwa kuwa lugha ni moja. Sikio litasamehe mengi, kwa kuwa tumezoea kusikiana. Jicho lina ukali zaidi.

Mambo huwa mabaya zaidi picha inapokuwa imepimwa kwa Kifaransa. Tuchukue mfano wa kubuni: « Lavez mieux » ni silabi 3, « Fueni vizuri zaidi » ni silabi 9. Mfasiri aliyepewa nafasi ya silabi 3 ana njia mbili, kukimbiza maneno kama mnadi wa sokoni, au kuyaacha yaendelee baada ya kinywa kufumbwa. Njia zote mbili tunazisikia kila jioni.

Watengenezaji hujitetea kwa gharama. Utetezi huo ulikuwa na nguvu wakati wa karatasi na rangi, ambapo kubadili mdomo kulimaanisha kuchora upya. Leo mdomo ni tabaka lake, na kuupanga upya kwa tangazo la sekunde 30 ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na kulichora tangazo. Na vyombo vyenyewe vingine ni vya bure: programu ya Blender iliachiwa umma mwaka 2002, baada ya kuchangwa euro 100.000 ili kuikomboa, na filamu fupi Elephants Dream ya mwaka 2006 ilitolewa pamoja na mafaili yote yaliyoiunda, apendaye ajifunze. Kinachokosekana ni mtu mmoja chumbani anayejua namna Kiswahili cha mahali kinavyotamkwa.

Wenye ufundi huu wametuonyesha zaidi ya njia moja ya kuepuka aibu. Studio za Marekani hurekodi sauti kwanza, kisha mchoraji huifuata. Japani aghalabu huchora kwanza na kutia sauti baadaye, lakini hutumia midomo sahili ya maumbo machache, isiyojidai kutamka kila herufi; mdomo usioahidi kitu hauwezi kusema uongo. Na iko njia ya kuacha mdomo kabisa. Mwaka 1986 John Lasseter wa Pixar alitoa Luxo Jr., filamu ya dakika mbili hivi yenye taa mbili za mezani na mpira. Taa hazina uso, lakini mzazi na mtoto tunawatambua mara moja kwa namna wanavyoinamisha shingo. Kampuni hiyohiyo ilijipatia sehemu ya riziki kwa matangazo ya televisheni kabla ya filamu yake ndefu ya kwanza, Toy Story, ya mwaka 1995. Miongoni mwake lipo la dawa ya kusukutulia kinywa, ambamo chupa inapigana masumbwi. Waliofanya hivyo walijua kwamba mwendo ni lugha kabla ya lugha.

Sisi nasi hatukosi wa kututangulia. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, Mkongomani, alitoa mwaka 1991 kibonzo cha chura aliyekwenda kwa wakwe, kutokana na ngano ya Watetela, kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa. Mwaka 1992 akaeleza kwa michoro ya watoto uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Hapakuwa na kompyuta ya kuchagua mdomo. Palikuwa na mkasi, na uamuzi wa mtu juu ya kila kipande. Kwa upande wa Kiswahili, wale wa Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, wamefanya kazi ya kompyuta tunayoweza kuiheshimu bila kuisamehe kitu. Wimbo unawasaidia sana, maana wimbo unajua wapi irabu inavutwa, na mchoraji anayefuata wimbo amekwisha pata nusu ya kazi yake.

Baadhi ya wenzetu idarani watasema dawa ni nyepesi: matangazo yote yasemwe kwa Kiswahili sanifu, na mdomo wa « watoto » utapata sauti yake. Mwandishi wa mistari hii anaandika kwa Kiswahili sanifu na kukifundisha, na hana mpango wa kukiacha. Hata hivyo mama wa beseni hakuletwa darasani. Ameletwa uani, azungumze na mama mwenzake, na mama mwenzake husema « batoto ». Kumpa sauti ya huku na kinywa cha kule ni kumfanya mgeni ndani ya ua wake mwenyewe.

Tangazo lile limekwisha kuondolewa. Lililofuata, la sabuni ileile, lina beseni, povu, na nguo inayojikamua yenyewe na kuruka hadi kwenye kamba. Juu yake inasikika sauti ya mwanamke wa Lubumbashi, safi kabisa, kila silabi mahali pake. Mama mwenye kitenge cha buluu hayumo tena.